Chakula cha waliorudi: sambusa yetu na gyoza ya Wajapani

Ndugu msomaji, kama umewahi kuvuka daraja la Rusizi ya Kwanza alfajiri ukielekea Bukavu, basi umeiona ile ndoo. Ni ndoo ya plastiki yenye mfuniko, imetandikwa kitambaa ndani ili joto lisitoke, na mwenye nayo anatembea haraka kuliko watu wote kwenye foleni. Ndani yake mna sambusa. Ndoo hiyo nimeibeba miaka mingi, na kabla yangu aliibeba mama yangu. Leo naomba niwaeleze habari za ndugu yake sambusa anayeishi mbali sana, huko Japani, aitwaye gyoza. Naamini ana la kutufundisha sisi watu wa Rusizi, hasa sisi tuliorudi na sisi tunaoishi kwa mpaka.

Najua wapo watakaoguna. Mjapani na Cyangugu wapi na wapi? Nawaomba subira kidogo. Mwisho wa makala haya kila mmoja ataamua mwenyewe kama nimepotea njia au la.

Kwanza tujue gyoza ni nini. Ni manda nyembamba ya unga wa ngano, ya duara, inayotiwa kijiko kimoja cha nyama ya kusaga iliyochanganywa na kabichi, majani ya vitunguu, kitunguu saumu na tangawizi. Manda hukunjwa katikati ikawa kama nusu mwezi, na ukingo wake hufinywa vikunjo vidogo vidogo. Tofauti na sambusa, gyoza haizamishwi katika mafuta mengi. Hukaangwa kidogo upande mmoja tu, kisha hutiwa maji na kufunikwa ikaiva kwa mvuke. Matokeo yake ni chakula chenye sura mbili: chini kimekauka na kuwa rangi ya kahawia, juu ni laini kama ugali wa moto. Huchovywa katika siki na sosi ya soya, ikaliwa ingali moto.

Watu wengi duniani wana chakula cha namna hii. Wakorea wana mandu, Wanepali wana momo, Warusi wana pelmeni. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sambusa, ambayo nayo ni msafiri. Asili ya jina lake ni Uajemi, na yule msafiri mashuhuri Ibn Battuta, katika karne ya 14, alieleza jinsi alivyoikuta ikiliwa katika kasri la sultani wa Delhi, imejazwa nyama ya kusaga, lozi, vitunguu na viungo. Kwetu ilifika pwani kwa majahazi, ikapanda bara pamoja na Kiswahili na biashara, hadi Bujumbura, Uvira, Bukavu, Bugarama na Kamembe. Hakuna kabila linaloweza kusimama leo na kudai kwamba sambusa ni yake peke yake.

Sasa nije kwenye kisa changu. Mama yangu alijifunza kupika sambusa Kadutu, katika mji wa Bukavu, tulikokuwa tukiishi kama wakimbizi. Mimi nilizaliwa huko. Tuliporudi mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, tulifikia Kamembe tukiwa na magodoro mawili, sufuria moja kubwa na ufundi wa mama. Wanaokumbuka siku zile wanajua kwamba kila aliyerudi alipewa jina kwa kadiri ya alikotoka. Sisi wa Zaire tuliitwa Wadubai. Halikuwa tusi, lakini sifa nayo haikuwa.

Mama alianza kuuza sambusa mbele ya nyumba. Juma la kwanza mambo yalikwenda vizuri. Juma la pili jirani mmoja, mtu mwema kabisa katika mambo mengine, alisema mbele ya wateja kwamba hicho ni chakula cha Wazairwa, na kwamba aliyerudi kwao hana budi kula cha kwao. Hakukuwa na ugomvi. Mama alicheka na wote wakacheka. Lakini kesho yake hakuweka meza tena mbele ya nyumba. Alitia sambusa zake katika ndoo akavuka nazo daraja, akaziuza ng'ambo kwa watu wasiokuwa na haja ya kumuuliza ametoka wapi. Ikawa hivyo mpaka alipochoka miguu, nami nikaipokea ndoo. Kwa zaidi ya miaka ishirini chakula kilipikwa nyumbani kwetu Kamembe kikaliwa Bukavu, na hatukuona ajabu yoyote.

Ajabu tuliiona Machi 2020. Mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona, nilikuwa na sambusa 120 ndani ya ndoo, na daraja limenyamaza. Nilirudi nazo nyumbani. Tulikula sisi, tukagawia majirani, nyingine zikaharibika. Usiku ule nilitambua kitu ambacho mchuuzi wa mpakani hapendi kukifikiria: chakula changu hakikuwa na kwao. Kilikuwa na daraja tu, na daraja lina wenyewe.

Hapo ndipo nilipomkumbuka dada mmoja wa Kijapani aliyekuwa amekuja kujitolea wilayani kwetu miaka miwili kabla ya hapo. Alikuwa mteja wangu. Siku moja aliniomba aingie jikoni kwangu anipikie sambusa ya kwao. Nilipoona anamimina maji katika kikaango chenye mafuta nilipiga kelele, nikidhani jiko litalipuka. Nilipoonja nilimwambia kwa adabu kwamba ni nzuri, lakini moyoni nilisema hii ni sambusa ambayo haijaiva upande mmoja. Nilichokikumbuka mwaka 2020 hata hivyo hakikuwa ladha yake. Nilikumbuka aliponieleza jinsi chakula kile kilivyofika kwao, na baadaye nilisoma nikaona kwamba ni kweli.

Gyoza asili yake ni China, ambako huitwa jiaozi na huliwa zaidi ikiwa imechemshwa. Wajapani wengi hawakuwa wakiijua kabla ya Vita Kuu ya Pili. Japani ilikuwa imeitwaa Manchuria, kaskazini mashariki ya China, ikapeleka huko askari na walowezi. Vita ilipokwisha mwaka 1945, Wajapani zaidi ya milioni 6 waliokuwa nje ya nchi yao, askari na raia, ilibidi warudi. Walirudi mikono mitupu katika nchi iliyoteketea kwa mabomu, haina chakula wala nyumba. Walikuwa na jina lao, hikiagesha, yaani waliorudishwa. Ndugu zao waliokuwa wamebaki hawakuwapokea wote kwa furaha, maana nyumba ilikuwa na njaa na hawa walikuwa vinywa vya kuongezea.

Hapa naomba nieleweke vizuri. Silinganishi historia yetu na yao. Wale walikuwa raia wa dola iliyoivamia nchi ya wenzao, na Wachina waliumia sana kwa ajili hiyo. Sisi tulifukuzwa kwetu. Ninalolinganisha ni jikoni peke yake. Baadhi ya wale waliorudi walikuwa wamejifunza jiaozi huko walikokuwa, na kwa kuwa hawakuwa na mtaji mwingine, walianza kuipika kando ya barabara na katika masoko ya mabati. Nyama ilikuwa haba, wakaongeza kabichi. Waliikaanga badala ya kuichemsha. Kitunguu saumu, ambacho Wachina hukitafuna pembeni, wao walikitia ndani. Manda waliifanya nyembamba zaidi. Polepole chakula cha ugenini kikawa cha nyumbani, na leo huwezi kumwambia mtoto wa Kijapani kwamba gyoza si ya kwao.

Upo mji mmoja, karibu kilometa 100 kaskazini ya Tokyo, uitwao Utsunomiya. Ulikuwa na kambi ya divisheni ya jeshi iliyopelekwa Manchuria, na wengi waliorudi walianza kuuza gyoza huko. Kwa miaka mingi watu wa mji huo walikula gyoza bila kuiona kuwa ni jambo la kujivunia, kama sisi na sambusa. Mwaka 1990 watumishi wa jiji, wakitazama takwimu za serikali za matumizi ya kaya, waligundua kwamba kaya za Utsunomiya ndizo zinazotumia fedha nyingi zaidi kununua gyoza katika nchi nzima. Hawakuificha habari hiyo kwa aibu. Mwaka 1993 wenye maduka waliunda chama chao, na mwaka 1994 ikasimamishwa karibu na stesheni ya treni sanamu ya mawe ya mwanamke aliyejifunika manda ya gyoza. Leo watu hupanda treni kutoka Tokyo kwenda kula tu. Mji wa Hamamatsu ulianza kushindana nao, na mwaka 2021 mji wa Miyazaki ukawapita wote wawili. Wanagombania chakula cha wakimbizi!

Niliposoma mwaka wa sanamu ile niliweka gazeti chini. Mwaka ule ule ambao wao walimchongea mawe mwanamke wa gyoza, mama yangu aliondoa meza yake mbele ya nyumba.

Basi, ndugu msomaji, baada ya maneno hayo yote ni haki yako kujua jinsi ya kuipika na kuila. Nitaeleza kama ninavyofanya mimi, kwa vitu vinavyopatikana soko la Kamembe.

Chukua unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kidogo, na maji ya moto kiasi cha nusu kikombe hadi robo tatu. Kanda mpaka unga uwe laini kama ndewe ya sikio, funika, uache nusu saa. Katakata matonge madogo, sukuma kila moja duara la upana wa kiganja cha mtoto. Ukingo uwe mwembamba kuliko katikati, maana ukingo utakunjwa ukawa mara mbili.

Ndani tia nyama ya kusaga robo kilo. Wajapani hupenda nguruwe, na wale wa akabenzi watafurahi. Sisi Waislamu, na wengine wasioila, tutumie ng'ombe au kuku na hatupungukiwi kitu. Kabichi ikatwe ndogo ndogo kabisa, ilingane na nyama au iizidi. Sasa sikiliza siri ambayo sikuijua: kabichi itie chumvi, iache dakika kumi, kisha ikamue kwa mikono mpaka maji yaishe. Usipoikamua, maji yake yatapasua manda. Ongeza kitunguu saumu, tangawizi, majani ya vitunguu, sosi ya soya na mafuta kidogo. Changanya mpaka ishikane.

Weka kijiko kimoja cha chai katikati ya manda, lowesha ukingo kwa kidole, kunja, finya. Usijaze kama unajaza gunia. Tamaa ndiyo inayopasua gyoza, kama inavyopasua sambusa.

Kikaango kipate moto, tia kijiko kimoja cha mafuta, panga gyoza zako zikae chini zimebanana. Ngoja dakika mbili. Zikibadilika rangi chini, mimina maji ya moto nusu kikombe na ufunike mara moja, maana mafuta yatarukaruka. Baada ya dakika tano hivi utasikia sauti inabadilika: kwanza ilikuwa ya maji yanayochemka, sasa ni ya mafuta yanayokaanga. Hapo funua, acha zikauke kidogo, kisha funika kikaango kwa sahani na kigeuze. Upande uliokauka ukae juu. Ndivyo wao wanavyoandaa, ili mlaji aone kazi ya mpishi.

Kwa kuchovya, changanya sosi ya soya na siki kiasi sawa. Wajapani huongeza matone ya mafuta ya pilipili wanayoyaita rayu. Yule dada alileta kichupa chake kutoka kwao, na siku nilipomwonyesha Akabanga yetu alikiweka kichupa hicho kabatini. Matone mawili yanatosha, na kila Mnyarwanda anajua linalompata mwenye haraka.

Namna ya kula nayo ina adabu yake. Usiingoje ipoe. Chovya upande laini ili upande mkavu usilowane, na ung'ate kwa tahadhari kwani mchuzi wa ndani ni moto. Wajapani huila pamoja na wali. Wachina huwacheka kwa hilo, wakisema ni unga juu ya nafaka, lakini sisi ambao sahani moja ya melanje hubeba wali, viazi, ndizi na maharagwe pamoja hatuna la kumcheka mtu. Wali wa Bugarama na gyoza sita ni chakula cha mchana cha mtu mzima.

Nimejaribu pia kutia sambaza wa ziwa Kivu mahali pa nyama. Wawe wabichi, waoshwe vizuri, wakatwe vichwa, wapondwe pamoja na tangawizi na majani ya vitunguu. Mifupa yao ni laini, haisumbui. Wateja wangu sasa huulizia hizo kuliko zile za nyama. Na ikumbukwe kwamba hata sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, na leo hakuna mvuvi wa Rusizi anayemwita mgeni. Samaki tumempa uraia haraka kuliko sambusa.

Sasa niseme ninalotaka kusema kwa wenzangu wachuuzi. Sisemi tuache sambusa. Hilo lingekuwa kosa. Sambusa ni chakula cha njia: inakaa ndani ya ndoo saa tatu, inavuka daraja, inapoa na bado inalika. Gyoza haiwezi hayo. Ikikaa nusu saa ule upande mkavu unalegea, na utamu wote umekwisha. Gyoza inataka mtu aketi. Lakini ina faida zake, na wenye kupiga hesabu watanielewa. Kwa sambusa najaza karai la mafuta, na mafuta ndiyo yanayokula faida yangu kila bei inapopanda. Kwa gyoza natumia kijiko kimoja kwa sahani mbili. Nyama inasaidiwa na kabichi. Makaa yanayotumika ni machache. Zaidi ya yote, mteja anayeketi huagiza na chai.

Kwa hiyo baada ya 2020 niliweka tena meza. Si mbele ya nyumba, bali katika chumba kimoja hapa Kamembe, chenye mabenchi manne. Asubuhi ndoo inakwenda darajani kama kawaida, mchana kikaango kinafanya kazi. Februari 2025 vita ilipofika Bukavu, tulijikuta tena tunalitazama daraja kwa hofu na kuuliza habari za ndugu na wateja. Safari hii sikuwa na wasiwasi wa ndoo. Niliweza kuwafikiria watu kwanza, mali baadaye. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko faida yoyote niliyoitaja.

Kwa viongozi wetu wa wilaya na wa vyama vya ushirika nina hoja moja. Tunazungumza sana juu ya utalii wa ziwa, na ni vizuri. Lakini mgeni akifika Kamembe akauliza chakula cha hapa ni kipi, tunamwonyesha mishikaki na chipsi ambazo angezipata popote. Kwa nini tusimwambie kwamba huu ni mji wa sambusa na sambaza? Kwa nini wauza sambusa wa Kamembe na wa Bugarama wasiwe na chama, wakakubaliana juu ya usafi, ukubwa na bei, wakawa na siku yao moja kwa mwaka? Utsunomiya hawakuanza na fedha. Walianza kwa kukiri kile walichokuwa wakikila.

Na kwa ndugu zangu tuliorudi, kutoka Congo, Burundi, Uganda, Tanzania na kwingineko, nawaambia hivi: tulichojifunza ugenini si deni wala si aibu. Tulirudi na lugha, nyimbo na sufuria. Mwenye mandazi ya Bujumbura ayapike. Mwenye pilau ya Kigoma aipike. Mwenye rolex ya Kampala aikunje. Kinachopikwa na kuliwa nyumbani ni cha nyumbani, hata kama mapishi yake yalivuka mto.

Mama yangu sasa ni mzee, haoni vizuri, lakini vidole vyake bado vinajua kufinya manda. Huketi pembeni ya meza yangu na kukunja gyoza akiziita sambusa za mviringo. Mwezi uliopita yule jirani wa zamani aliingia na wajukuu wake wawili. Aliketi, akala sahani nzima, akaagiza nyingine. Hakuuliza ni chakula cha wapi. Mama alimsogezea Akabanga.